Bibi yangu wa Bombo anasema hana historia. Nimwandikeje?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma historia hapa Kampala, na kwetu ni Bombo. Tumepewa kazi ya kuandika maisha na kazi za mwanahistoria mmoja wa jamii mwenye msimamo wa kifeministi. Nimemchagua Nakanyike Musisi kwa kuwa ni wa kwetu Uganda. Nilipomweleza mjomba wangu, alisema ufeministi ni mambo ya Wazungu, na kwamba wanawake wa zamani hawakuwa na nafasi katika historia, basi nitaandika nini. Wakati huo bibi alikuwa kwenye mkeka wake anashona tabaga, ile sinia ya kusuka ya Wanubi, akacheka tu. Ana zaidi ya miaka 80. Jioni nilimwomba anisimulie maisha yake, akajibu, 'Mimi sina historia mwanangu, nilikaa nyumbani tu.' Naomba unisaidie mambo mawili: mwanahistoria wa aina hii hasa anafanya kazi gani? Na je, naweza kumwandika bibi yangu kwa njia hiyo?"

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale bibi aliposema "nilikaa nyumbani tu". Maneno hayo nimeyasikia Jinja, Mbale na Arua, na nimeyasikia kwa mama yangu mzazi aliyelima, akauza na kuzika wawili kati ya watoto wake bila kukaa hata siku moja. Nitarudi kwa bibi. Lakini tuanze na Musisi, kwa sababu ukielewa jinsi alivyosoma orodha moja ya majina, utakuwa umeshajua namna ya kumsikiliza bibi yako.

Orodha yenyewe ni hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, Apolo Kaggwa, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, aliandika vitabu vya wafalme na desturi za Waganda. Kwa kila Kabaka alitaja wake zake, koo walizotoka na watoto waliowazaa. Sisi wasomaji tulikuwa tunazipita kurasa hizo kama mtu anavyosikiliza matangazo ya vifo redioni yasiyomhusu: jina, ukoo, jina, ukoo, twende kwenye vita. Mimi mwenyewe nilizisoma hivyo nikiwa na umri wako, na hakuna mwalimu aliyenizuia.

Musisi alisimama palepale tulipokuwa tunapita. Katika makala yake ya mwaka 1991 alionyesha kwamba ndoa hizo zinakwenda sambamba na upanuzi wa ufalme. Kadiri Buganda ilivyomeza nchi za jirani, ndivyo nyumba za wafalme na machifu zilivyojaa wanawake. Wengine walitolewa na koo zao, wengine walitekwa vitani, wengine walikuwa zawadi ya mfalme kwa chifu aliyemridhisha. Wakubwa kuoa wake wengi hakukuwa tamaa ya mtu mmoja mmoja tu. Ndiyo ilikuwa njia ya kuunganisha dola.

Ili ulione hili vizuri, kumbuka jambo moja ambalo kila Mganda analijua: Kabaka hana ukoo wa upande wa baba kama watu wengine. Mwana wa mfalme hufuata ukoo wa mama yake. Kwa hiyo hapakuwa na ukoo mmoja wa kifalme uliofungia wengine nje. Kila ukoo ulioingiza binti ikulu uliingiza pia tumaini la kumzaa mfalme ajaye. Sasa isome upya ile orodha. Kila jina la mke ni ukoo unaopiga hodi mlangoni pa dola, na msichana ndiye aliyetumwa kubisha. Yeye aliulizwa? Orodha haisemi, na ukimya huo nao ni habari.

Tena Musisi hakuishia kusema "wanawake" kana kwamba ni fungu moja. Alipanga ngazi. Palikuwa na Namasole, mama wa Kabaka, mwenye kasri yake ng'ambo ya kijito, kwa kuwa wafalme wawili hawakai kilima kimoja. Alikuwa na mashamba yake na maofisa wake waliobeba vyeo kama vya machifu wa mwanawe, ila hakuruhusiwa kuolewa tena. Palikuwa na Lubuga, dada anayetawazwa pamoja na mfalme. Palikuwa na mabinti wa kifalme, bambejja, wanaoitwa "ssebo" kama wanaume, ambao zamani walikatazwa kuolewa na kuzaa. Wakafuata wake wenye vyeo, Kaddulubaale, Kabejja na wenzao, kila mmoja na majukumu yake. Chini kabisa walikuwako bazaana, wanawake wa kutumwa, wengi wao mateka. Mwanamke mmoja aliamuru na mwingine akabeba maji, ndani ya ua uleule. Aliyeandika kwamba zamani wanawake walikuwa malkia alikuwa amemtazama Namasole peke yake, na aliyeandika kwamba wote walikuwa watumwa alimtazama muzaana.

Na chini ya ngazi yote hiyo palikuwa na shamba la ndizi. Mwanaume alisafisha msitu na kutengeneza nguo za magome ya miti. Mwanamke ndiye aliyetunza migomba mwaka mzima, akavuna, akamenya, akafunga matooke katika majani na kuyapika kwa mvuke. Kwa sababu migomba ikishakomaa huzaa miaka mingi bila kupandwa upya, kazi ya mikono ya wanawake iliwapa wanaume nafasi ya kwenda vitani, kujenga barabara na kuhudhuria baraza la mfalme. Ukitaka kujua jeshi la Buganda lililishwa na nani, nenda kwenye migomba.

Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria wa namna hii, binti yangu. Wengi wanadhani ni kutafuta mashujaa wa kike wa kuwapachika pembeni ya wanaume. Hilo ni jema, lakini ni dogo. Yeye anachukua kitu ambacho wote tunakubali ni historia, iwe dola, vita, mji au uhuru, halafu anauliza: ni kazi ya nani iliyokisimamisha, na iliandikwa kwa jina la nani? Neno "jamii" linamfanya atazame maisha ya watu wa kawaida, chakula chao, ndoa zao, nyumba zao. Neno "feministi" linamkataza kudhani kwamba mgawanyo wa kazi na mamlaka kati ya mwanamke na mwanaume ulikuja wenyewe kama mvua. Kuna aliyeupanga, kuna aliyefaidika nao, na umebadilika mara nyingi.

Mabadiliko hayo Musisi aliyafuatilia katika tasnifu yake ya udaktari aliyoiandika Chuo Kikuu cha Toronto, kuhusu wanawake wa Buganda tangu kale hadi ufalme ulipoangushwa mwaka 1966. Baadaye aliongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, na pia alifundisha historia Toronto. Kwa upande wa maisha yake, andika hayo kwa ufupi. Mwalimu wako hatakupa alama kwa kuorodhesha vyeo, atakupa kwa kuonyesha maswali yake yalimpeleka wapi.

Yalimpeleka kwa wamisionari, kwa mfano. Ukishajua Namasole alikuwa na mashamba, mkataba wa Buganda na Waingereza wa 1900 unausoma kwa macho mengine. Ardhi ikapimwa kwa maili: maili za mraba 8,000 zikatengewa machifu na wamiliki binafsi 1,000. Haki nyingi za zamani za kuishi na kulima, ambazo mwanamke alizipata kupitia ukoo, ndoa au cheo, sasa zikakutana na hati yenye jina la mtu mmoja, na mtu huyo karibu kila mara alikuwa mwanaume. Miaka 5 baadaye, mwaka 1905, wamisionari wa Kianglikana wakafungua shule ya wasichana Gayaza, kwanza kwa mabinti wa machifu. Musisi anaonyesha kwamba elimu ya namna hiyo ililenga kumtengeneza mke Mkristo wa chifu Mkristo: msafi, mtulivu, mwenye kujua kushona, kulea na kupokea wageni. Ila hata huko Gayaza wasichana walishika majembe, kwa kuwa wazee wa Buganda hawakuwa tayari kumwoza kijana wao msichana asiyejua kulima.

Hapo ndipo neno "mama wa nyumbani" lilipopata sura tunayoijua. Wasomi wawili, Grace Bantebya Kyomuhendo na Marjorie Keniston McIntosh, katika kitabu chao cha 2006 kuhusu kazi za wanawake Uganda tangu 1900, walifuatilia jinsi picha ya mwanamke mwema kuwa ni yule aliye nyumbani ilivyodumu karne nzima, hata wakati wanawake wenyewe walikuwa wauguzi, walimu, wafanyabiashara na wakulima. Kwa hiyo bibi yako anaposema "nilikaa nyumbani tu" hasemi uongo wala hajasahau. Anakupa jibu ambalo mwanamke mwema wa zama zake alifundishwa kulitoa.

Na wale waliokataa kukaa nyumbani? Luganda ina neno kwa ajili yao: nakyeyombekedde, mwanamke aliyejijengea mwenyewe, anayeishi katika nyumba yake bila mume. Lisemwe na mtu mwingine ni tusi, lisemwe na mwenyewe ni sifa. Nimewahi kumsikia mama mmoja wa Namuwongo akilitamka huku amepiga kifua.

Musisi aliandika pia, mwaka 1995, kuhusu wanawake wa Kampala wanaouza usiku, katika masoko yanayoitwa toninnyira mu kange, yaani "usinikanyagie changu". Naipenda kazi hiyo kuliko zake zote, labda kwa sababu nimekulia kando ya soko kama hilo. Bidhaa zimetandazwa chini, taa ni tadooba, kile kibatari cha kopo chenye utambi wa pamba, na mpita njia anaambiwa aangalie mguu wake. Mchana mahali pale ni pembe ya barabara. Usiku ni jiko la mji: samaki wa kukaanga, mihogo, matooke, chai. Serikali za miji zimekuwa zikiliona soko la namna hiyo kama uchafu wa kufagiwa. Mwanahistoria wa jamii anauliza: mwaka ule mshahara ulipokuwa hautoshi hata wiki moja, wafanyakazi wa mji huu walikula kwa nani?

Sasa nikutoe Uganda kidogo, nikupeleke Dar es Salaam, kwa sababu hapo ndipo utapata njia ya kumwandika bibi. Mwaka 2002 Musisi alihariri kitabu kuhusu wanawake katika historia za ukoloni Afrika pamoja na Jean Allman na Susan Geiger. Geiger alikuwa Mmarekani. Alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa tasnifu kuhusu siasa za Wachagga. Baadaye, katika miaka ya 1980, alirudi Tanzania akawakalia kitako wanawake waliojenga TANU, akiwahoji juu ya maisha yao yote, si siasa peke yake. Aliyetangulia kati yao ni Bibi Titi Mohamed.

Fikiria hali ya Bibi Titi mwaka 1984. Huyu ni mwanamke aliyesimama jukwaani na Nyerere, aliyezunguka nchi nzima kudai uhuru, kisha akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha na kuachiwa mwaka 1972. Katika simulizi rasmi za uhuru jina lake lilikuwa limefifia. Geiger alimwendea huyo na kumsikiliza.

Alichokipata kiligeuza hadithi iliyozoeleka. Vitabu vilisema utaifa ulitoka kwa wanaume wachache waliosoma, ukateremka kwa wananchi. Wanawake hawa wengi hawakusoma zaidi ya darasa chache. Walikuwa Waislamu wa mjini, watu wazima, wengine wameachika, wauza maandazi na wapika pombe, na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kila siku. Walikuwa wameshazoea kukutana bila kuulizana kabila katika vikundi vyao vya ngoma, kama lelemama na Bomba ambamo Bibi Titi alikuwa akiimba. Tawi la wanawake la TANU lilipoanzishwa mwaka 1955, Bibi Titi hakuanza na hotuba. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, na kila kiongozi akaja na watu wake. Kufikia Oktoba mwaka uleule wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Geiger akasema waziwazi: hawa hawakufundishwa utaifa, waliuleta. Umoja ambao viongozi waliuhubiri, wao walikuwa wanaucheza uwanjani kila wiki.

Kama Geiger angemuuliza Bibi Titi maswali ya "mlipigania uhuru vipi" tu, ngoma isingetokea kabisa. Ilitokea kwa sababu aliuliza habari za utoto, unyago, ndoa, talaka na marafiki. Katika makala ya 1990 alijiuliza ni kitu gani kinachofanya masimulizi ya wanawake yawe kazi ya kifeministi, na jibu lake ulibandike ukutani: haitoshi mwanamke kumhoji mwanamke. Lazima ukubali kwamba maelezo anayoyatoa mwenyewe juu ya maisha yake yana ukweli wa uzito, hata pale yanapopingana na ulichosoma.

Kwa hiyo mjomba wako, kwa heshima zote, ana nusu ya hoja. Neno "ufeministi" limetoka nje, kama yalivyotoka maneno "historia" na "chuo". Lakini swali lenyewe si geni. Aliyekuwa na kasri ng'ambo ya kijito hakulipata kwa Wazungu. Na kama mjomba anapenda mfano wa msomi, mwambie habari za Sarah Ntiro wa Hoima, aliyehitimu Oxford mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufanya hivyo, na somo lake lilikuwa historia. Aliporudi kufundisha alikataa kulipwa chini ya wanaume wenye shahada kama yake. Alikuwa ameanzia Makerere, chuo kilichopokea wanafunzi wa kike 6 wa kwanza mwaka 1945. Hadi wakati huo kaulimbiu ya chuo ilikuwa "Tuwe wanaume". Ilibidi ibadilishwe iwe "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo". Muulize mjomba nani aliyeifanya kaulimbiu hiyo isiwezekane tena, kama si wale mabinti 6.

Sasa bibi.

Kosa utakalolifanya ni lile nililolifanya mimi, na nililifanya nikiwa tayari na shahada. Nilikuwa Walukuba, Jinja, katika zile nyumba za wafanyakazi, namhoji mama mmoja mzee kuhusu miaka ya viwanda. Nikamuuliza, "Ulikuwa unafanya kazi gani?" Akajibu, "Sikuwa na kazi, mume wangu ndiye alikuwa na kazi." Nikaandika kwenye daftari: hakuwa na kazi. Nikaendelea kumuuliza habari za mume. Katikati ya mazungumzo mlango ukagongwa, kijana akaingia na sahani ya enameli iliyofunikwa kitambaa. Alikuja kununua maharage ya jioni. Mama akainuka, akapakua, akapokea hela, akaifunga kwenye pindo la leso na kukaa tena. Nikamuuliza, "Unauza tangu lini?" Akasema, "Aa, hii? Tangu tulipohamia hapa. Zamu ya usiku ikitoka, wote walikula kwangu." Miaka zaidi ya 20! Alijua kila mfanyakazi analipwa nini, nani ana deni, nani amefukuzwa, mgomo umepangwa wapi. Yote hayo yalikuwa mbele yangu, nami nilikuwa nimeshaandika kwamba hakuwa na kazi. Ukurasa ule ninao hadi leo.

Kwa hiyo usimuulize bibi alifanya kazi gani. Muulize siku ilianzaje. Nani aliamka kwanza? Maji yalitoka wapi? Asubuhi hela ya sukari ilitoka mfukoni mwa nani? Ada ya shule ya mama yako ilipatikanaje? Muulize mikono, halafu utulie. Tarehe zitakuja zenyewe, kwa sababu hatasema "mwaka 1972", atasema "mwaka Wahindi walipoondoka".

Wewe una bahati kubwa, kwa kuwa umetoka Bombo, mji wa Wanubi. Fungua kitabu chochote kuhusu Wanubi wa Uganda: utasoma kwamba mwaka 1891 Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua askari wa Sudan walioachwa karibu na Ziwa Albert na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa kusini mwa Sudan. Utasoma uasi wao wa 1897, utasoma Bombo ikiwa kambi ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Bunduki zimehesabiwa. Lakini nyuma ya askari wale mia kadhaa walitembea maelfu ya watu, wengi wao wanawake na watoto, wa makabila mengi sana. Nani aliyewafanya wawe kabila moja lenye lugha moja? Kinubi hakikufundishwa gwaride. Kilifundishwa jikoni, pamoja na mapishi, gurbaba (vazi la wanawake wa Kinubi), doluka (ngoma yao) na tabaga. Sina wasiwasi kulisema hili: Wanubi kama jamii ni kazi ya wanawake, na bado haijaandikwa inavyostahili.

Hata Kiswahili chetu cha Uganda. Watu wanakiita lugha ya askari, wengine kwa uchungu wa yaliyowapata, na uchungu huo nauheshimu. Lakini askari hakuishi peke yake. Palikuwa na mama aliyemuuzia chai nje ya lango la kambi, na mkunga aliyemzalisha mkewe, na walielewana kwa Kiswahili hichohicho. Mwombe bibi akwambie alikizungumza na nani kwa mara ya kwanza. Halafu mrekodi kwa lugha anayoota nayo. Kama ni Kinubi, iwe Kinubi, tafsiri baadaye.

Kuna sehemu mbili za kwenda taratibu. Ya kwanza ni mwaka 1979. Utawala wa Amin ulipoanguka, Wanubi wengi walikimbia, wengi wao wakavuka kwenda Sudan, na nyumba zikabaki wazi. Usimsukume. Ila unaweza kumuuliza alibeba nini. Mwanamke anayekimbia na watoto huchagua vitu vichache sana, na kila kimoja kina sababu. Na picha, vyeti, barua alizoziacha, muulize zilikuwa zinaonyesha nini. Hiyo ni hifadhi ya nyaraka iliyochomwa, na yeye ndiye orodha yake.

Ya pili ni waragi, ile pombe kali ya kienyeji iitwayo pia enguli. Wanawake wengi, wa Kinubi na wasio Wanubi, walisomesha watoto kwa kutonesha pombe hiyo nyuma ya nyumba, na sheria ya enguli ya 1965 ilifanya kuitengeneza bila leseni kuwa kosa. Katika familia ya Kiislamu jambo hilo lina aibu juu ya aibu. Ikitokea ameligusa, zima simu yako na umuulize: hili niliandike au nilinyamazie? Akisema nyamaza, nyamaza. Ukimsomea ulichoandika na akataka kipande kitoke, kitoe mbele yake akikuona. Utamaliza chuo, lakini yeye ataendelea kuishi Bombo na majirani walewale.

Ukishakaa naye mara tatu au nne, njoo Wandegeya kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka. Usitafute jina lake, hulipati. Tafuta alipokutana na serikali: daftari za ndoa za Waislamu, ambazo sheria ilitaka ziandikishwe tangu 1906, malalamiko ya viwanja, faini za mahakama ndogo, barua za mkuu wa wilaya akilalamika juu ya wanawake wanaouza kando ya kambi. Lalamiko la ofisa ni ushahidi mzuri kuliko anavyokusudia. Akiandika kwamba wanawake "wamezidi" barabarani, ameshakwambia walikuwa wengi, walikuwa na wateja, na hawakuwa wamekaa nyumbani.

Kazi yako ya darasani iandike juu ya Musisi, lakini omba ruhusa uweke bibi katika sehemu ya mwisho, ukisoma maisha yake kama Musisi alivyoisoma ile orodha ya wake wa Kabaka. Na leo usimwombe tena akusimulie maisha yake. Kaa mkekani, shika tabaga aliyoianza, uone jinsi inavyoanzia katikati, duara juu ya duara, rangi ikiingia pale anapoamua yeye. Muulize nani alimfundisha kuanza. Atakutajia mwanamke. Andika jina hilo, kisha muulize huyo naye alitoka wapi.